Pipa la Mama

Nyumbani kwetu mtu akiugua, tabibu ni kila mtu. Mwanzo wa 2018, Mombasa, ndugu yangu mdogo wa miaka 22 aliamka akashindwa kushika kikombe cha chai, na majibu yalikuwa tayari kabla hajamaliza kulalama. Baba alisema ni jimu, yale mavyuma anayoyanyanyua kila jioni. Mama akasema ni simu: mtu kapinda shingo usiku kucha, viungo vitakosaje kuuma? Shangazi, anayekaa chumba cha uani, hakuafiki. Kwake yeye ni kijicho, tangu kijana aliponunua pikipiki. Ukiwasikiliza vizuri, kila mmoja alikuwa akitibu kitu ambacho hakukipenda tangu zamani.

Shangazi ndiye aliyeanza kazi. Alimkanda kwa mafuta ya karafuu, vifundo vya mikono hadi vya miguu, na kijana akapiga ukelele mpaka jirani wa juu akateremka kuuliza kama kuna msiba. Jioni homa ikapanda, upele ukatoka kifuani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Daktari alikuwa na maswali mengi kuliko dawa. Vinauma pande zote mbili? Vimevimba? Asubuhi vinakaza kwa muda gani? Misuli iliyochoshwa na vyuma, alisema, huuma pale ilipotumika, baada ya siku chache ikatulia, na haileti homa. Baridi yabisi hushika vijana pia, ingawa watu huiita ya wazee, lakini mara nyingi huanza polepole, wiki kwa wiki. Lupus hupenda zaidi wanawake wenye umri mdogo. Maumivu yaliyolipuka kwa siku moja pamoja na homa, tena mjini ambamo wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakimiminika, yalimpeleka kwenye chikungunya, virusi vilivyotambuliwa kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Damu ilipopimwa, ikawa ndiyo.

Dawa ya kuviua virusi hivyo hakuna: ni kupumzika, kunywa maji kwa wingi, na parasetamoli. Diklofenaki ambayo Baba alikuwa ameshainunua dukani ilizuiwa mpaka ijulikane kwamba si dengi, maana dengi huweza kuvujisha damu na dawa hiyo huongeza hatari.

Kisha daktari akauliza, “Maji mnaweka wapi?”

Mombasa nani asiyeweka maji? Mama ana pipa la buluu uani, hujazwa mitungi ya mkokoteni mfereji ukikauka. Nilipofunua kifuniko, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimening'inia kichwa chini. Kivuli changu kilipovipitia, vyote vikazama kwa mpigo. Mama aliudhika. “Maji haya ni safi, nimeyanunua!” Usafi wenyewe ndio ulioleta balaa, kwa kuwa mbu anayeeneza chikungunya, mwenye miguu ya madoa meupe, hupenda maji safi yaliyotulia, naye huuma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Kuyamwaga tu hakutoshi. Mayai hushikamana na kuta za pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji. Lazima lisuguliwe.

Nani asugue? Kufikia hapo Mama hakuweza kukamua kitambaa, Baba alivaa kandambili hadi kazini, na Shangazi alilala na mafuta yake mwenyewe magotini. Tulikula mkate wa dukani kwa kukosa mkono wa kukanda chapati. Nikasugua mimi.

Homa zilipita ndani ya wiki, viungo vikasusa. Kwa wiki nyingi kijana alikuwa akiteremka ngazi kwa ubavu, na akaagizwa arudi kupimwa iwapo uvimbe ungevuka miezi mitatu. Haukuvuka. Shangazi anadai ni karafuu. Baba anadai ni kuacha jimu.

Mama alikata chandarua kikuukuu, akakifunga mdomoni mwa pipa kwa mpira, na wauza maji wakaambiwa wamimine juu yake. Wakaongeza shilingi tano kila mtungi, za usumbufu.