Heko kwa Jibu Bovu

Mnazi umesifiwa, paka amesifiwa, hata kanga ina washairi wake. Jibu bovu halijapata malenga hata mmoja. Linachekwa, linapewa sifuri, mwenyewe analifuta kwa aibu, na kinachobaki ni ule mstari wa kutuarifu kwamba ujumbe umefutwa. Dhuluma hii imefika kileleni katika chemsha bongo ya muziki wa klasiki tunayocheza Alhamisi usiku kwenye kundi la WhatsApp, sisi wanakwaya wa zamani ambao maisha yametutawanya Moshi, Mombasa, Wuppertal na Minneapolis. Nimeamua kulivalia njuga suala hili, maana mnyonge akikosa wakili hata mwandishi wa makala anafaa.

Mchezo ni rahisi kuueleza. Mwenye zamu anatuma kipande kifupi cha muziki. Ukimtaja mtunzi unapata pointi moja. Ukiitaja na kazi yenyewe, mbili. Moshi ni saa tatu usiku na bando la mtu linakaribia kukata, Minneapolis ni mchana na mtu anasikiliza kwa kificho kazini. Haleluya ya Handel tunaiimba wote bila karatasi. Nje ya hapo, kila mtu na Mungu wake.

Sasa litazameni jibu sahihi lilivyo na roho mbaya. Mtu anaandika, "Beethoven, Simfoni ya Saba, sehemu ya pili," na mazungumzo yamekufa. Utamjibu nini? Vidole gumba vitatu, kimya, swali lijalo. Jibu bovu ni karimu. Juzi sauti ya nne wetu wa Mombasa alisikia korasi ya Bach akaandika "Handel" bila kusita, na mwalimu wetu wa kwaya, mzee ambaye kwa kawaida husoma tu na kunyamaza, akaamka. Akatueleza kwamba wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, 1685, Bach kule Eisenach na Handel kule Halle, miji isiyoachana hata kilomita mia mbili, na wakafa bila kuonana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1719 Bach alifunga safari hadi Halle kumtafuta mwenzake, akaambiwa ameshaondoka. Uzeeni macho yao yakapita katika mikono ileile, ya John Taylor, tabibu wa Kiingereza aliyezunguka Ulaya akijitangaza kuliko alivyoponya. Bach alifariki mwaka 1750, miezi michache baada ya kupasuliwa. Handel alimaliza siku zake kipofu. Yote hayo tuliyapata bure kwa sababu mtu mmoja alikosea. Angepatia, tungelala mapema na ujinga wetu.

Tena jibu bovu ni cheti cha uaminifu. Anayechungulia Google hujulikana kwa usafi wake: kipande hakijaisha kulia na jina la Dvořák limeshafika, likiwa na kofia juu ya r na kistari juu ya a, kutoka kwa mtu ambaye akiandika habari za mchango wa harusi haweki hata nukta. Aliyekosa kwa haki anaandika "Divojaki" na kumpa muziki wa Smetana. Huyo wa pili unaweza kumkopesha pesa.

Wanaolidharau jibu bovu hawaijui nasaba yake. Chukueni Adagio ya Albinoni, ile ya nyuzi na kinanda inayoliza watu kwenye mazishi na kwenye filamu. Ukijibu "Albinoni" unapewa pointi na unaonekana msomi. Albinoni alifariki Venice mwaka 1751. Adagio ilichapishwa mwaka 1958 na Remo Giazotto, mtaalamu aliyekuwa ameandika kitabu cha maisha ya Albinoni, na ambaye alidai kuijenga juu ya kipande cha muswada kutoka maktaba ya Dresden. Dunia nzima inalia kwa jibu bovu, na machozi ni ya kweli kabisa. Ave Maria ya Caccini, wanayoipenda waimbaji wa harusi, ilirekodiwa mwaka 1970 na Mrusi Vladimir Vavilov bila kumtaja mtunzi. Jina la Caccini lilibandikwa baadaye. Tarumbeta ya Purcell, aliyoingia nayo Diana katika kanisa la St Paul's mwaka 1981, ni ya Jeremiah Clarke. Ile minueti ya Bach ambayo kila mtoto wa piano huipondaponda, wataalamu wameshamkabidhi Christian Petzold. Na Simfoni ya 37 ya Mozart ni ya Michael Haydn: Mozart aliiongezea utangulizi tu, mwaka 1783.

Lakini mfalme wa ukoo huu ni Fritz Kreisler, bingwa wa fidla kutoka Vienna. Kwa miaka mingi alipiga vipande vitamu akisema ni vya mabwana wa zamani, Pugnani, Couperin, Padri Martini, na wajuzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika kwamba siku hizi hakuna anayeweza kutunga hivyo. Mwaka 1935 mwandishi wa muziki wa New York Times, Olin Downes, alimuuliza habari za kipande kimojawapo, na Kreisler akakiri kwa utulivu kwamba vingi vya vipande hivyo alivitunga mwenyewe. Ni wizi wa ajabu, mwizi anapovunja nyumba yako usiku ili akuachie mali yake. Mhakiki wa Kiingereza Ernest Newman alikasirika sana. Namwelewa: alikuwa amepatia jibu miaka yote hiyo, na kwa asubuhi moja pointi zake zote zikageuka sifuri. Aliyejibu "sijui" alibaki na heshima yake.

Ndiyo maana nilisimama upande wa mwalimu wetu usiku ule wa vita ya Dvořák. Kilipigwa kipande cha Ulimwengu Mpya, naye akaandika "Simfoni ya Tano." Vijana wakamcheka kwa vikaragosi vya kila rangi, ni ya Tisa, kila mtu anajua. Mzee akatuma picha ya jalada la santuri yake, limechakaa pembeni, na juu yake imechapwa namba 5. Simfoni hiyo ilipopigwa mara ya kwanza New York, Desemba 1893, ilikuwa ya Tano kweli, na iliendelea kuitwa hivyo kwa miongo kadhaa, hadi zile za ujanani ambazo Dvořák hakuwa amezichapisha zilipoingizwa kwenye hesabu. Mzee hakukosea. Dunia ndiyo iliyohama, naye hakuarifiwa.

Admini wetu, ambaye kazini ni mhasibu, hapendi mambo haya. Anataka daftari linalofunga. Alhamisi iliyopita yakamkuta makubwa: Simfoni ya Vitu vya Kuchezea, yenye njuga na ndege wa kuku-kuu. Shangazi wa sauti ya pili akaandika Joseph Haydn, kama vitabu vya zamani. Wuppertal akaandika Leopold Mozart, babake yule Mozart, kama vitabu vilivyofuata. Minneapolis, baada ya kimya cha kutia shaka, akaleta Edmund Angerer, mtawa wa Tirol, kama wanavyosema wataalamu wengi leo. Admini akawapa wote pointi mbili mbili ili alale. Sauti ya nne wa Mombasa, aliyekuwa ameandika Handel kama kawaida yake, ameikataa sifuri aliyopewa. Anasema uchunguzi bado unaendelea, na pointi zake ziwekwe pembeni.