Safari ya Saa Nane na Nusu

Jirani, nina kibarua cha kwenye laptopu: naangalia databesi ya kampuni moja ya teksi huko Ujerumani. MySQL. Bosi akalalamika ripoti zinachelewa. Nikafanya kile ninachofanya nikiwa sijui: nikaweka indeksi kwenye safu ya muda. Ripoti zikafyatuka. Nikatamba mpaka kwa mama ntilie.

Kesho yake bosi kanipigia kwa video. Mimi juu shati, chini bukta. Eti usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, saa nane na nusu, safari zilikuwa mbili. Sasa anaiona moja. Nyingine nimeila?

Nimeila! Mimi na teksi ya Wajerumani wapi na wapi?

Nikafuta indeksi. Safari mbili. Nikairudisha. Moja. Nikafuta. Mbili. Bosi ananitazama tu. Akaniambia nisimame nichore ubaoni. Nisimame na bukta hii? Nikasema mtandao unakata.

Aliyenitoa tongotongo ni kijana wa kidato cha sita, huku anamaliza chapati zangu. Kumbe usiku ule Wajerumani walirudisha saa nyuma. Kufika saa tisa, wakasema hapana, ni saa nane tena. Saa nane na nusu ikapita mara mbili! Watu wazima, wana viwanda! Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya dunia, mwaka mzima, na daladala bado inachelewa.

Sasa safu ya TIMESTAMP inatunza muda kwa UTC. Huko safari hazigongani: moja 00:30, nyingine 01:30. Bila indeksi, databesi inapitia mstari mmoja mmoja, inaugeuza kuwa saa ya Ujerumani, zote zinasomeka 02:30, zote zinaingia. Ukiweka indeksi, inageuza swali lako kwenda UTC, na linapata muda mmoja tu. Wala haikuulizi, "ipi kati ya hizi, mkuu?" Inajichagulia kimya kimya, mwizi nabaki mimi. Na mwongozo wa MySQL umeyasema haya waziwazi. Nani anasoma mwongozo?

Kijana akasema indeksi ibaki, ila niiambie databesi itumie UTC, nitafute kuanzia 00:30 hadi 01:30. Zikaja zote mbili. Bosi karidhika dakika moja. Halafu kauliza kwa nini ripoti inasema saa sita na nusu usiku, wakati dereva wake alitoka saa nane.