Sifa za Kilio cha Saa Nane

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, jahazi na macho ya mahabubu, na watawala hawakosi wa kuwasifu hata wakiwa hai. Walakini sijapata kumsikia mtu aliyesimama kwa taadhima akakisifu kilio cha mtoto mchanga kipasuacho usiku saa nane, wakati upepo wa Singida unapovuma kutoka ziwa Kindai ukagonga mabati, na mama mtu akawa anahangaika na ukurasa mmoja wa sheria ya mikataba. Dhima hiyo naitwaa mimi, niliyeandikishwa masomo ya sheria mwaka ule ule nilioandikishwa kliniki.

Fadhila ya kwanza ya kilio hiki ni kwamba ni mwalimu wa ushahidi asiye na kifani. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 yasema mwenye kudai jambo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Mwanangu ameitazama kanuni hiyo, akaiona ina upungufu. Yeye hudai kwa sauti kuu, hataji anachodai, kisha mzigo wote huniangukia mimi mdaiwa: nithibitishe kwamba hana njaa, nepi haijalowa, fizi hazimwashi, tumbo halina gesi, wala mbu hakuingia ndani ya chandarua, na kila hoja niithibitishayo huisikiliza kwa utulivu wa jaji aliyezeekea kazini, akanikazia macho, kisha akaitupilia mbali kwa gharama. Mashahidi nao hawakosekani. Jirani hudai ni chango, mama mkwe hudai ni husuda ya watu, nami huandika pembeni mwa daftari kwamba ushahidi wa kusikia haupokelewi. Lakini hupokelewa, na kukicha mtoto ana hirizi shingoni. Sheria hiyo hiyo, tangu iliporekebishwa mwaka 2016, humruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Wangu hajaahidi kitu. Nimpakatapo hunyamaza papo hapo, nimlazapo huanza upya, na mwenye akili timamu aweza kuhitimisha kwamba shauri zima ni la kubuni. Ila rufaa ikatwe wapi?

Fadhila nyingine nazipitia mbio. Hunikinga na anasa ya usingizi. Humfundisha baba yake kukoroma kwa ustahimilivu. Tena mwenye kilio ni mhakiki: ile kesi mashuhuri ya mwaka 1932, ya konokono wa ndani ya chupa huko Uskochi, iliyoamuliwa na majaji watatu dhidi ya wawili, aliitafuna katika nakala yangu, akala hoja za watatu walioshinda, akaniachia za wawili walioshindwa, zimelowa mate na kunuka mafuta ya alizeti.

Hapa ilinipasa niendelee kusifu, lakini nimechoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, niliyoikariri huku nikinyonyesha, humpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na baadaye hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Baba hupewa siku tatu, na wangu alizilala zote. Mwanafunzi hamo. Titi la mwajiriwa ni haki, la mwanafunzi ni shauri lake mwenyewe. Naye akihitimu na kutaka uwakili, mafunzo ya vitendo yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007 yako Dar es Salaam, mwendo wa basi wa kutwa nzima kutoka hapa, basi aamue mtoto aende naye au abaki na bibi yake. Mwaka 2022 ilipojulikana kwamba kati ya watahiniwa 633 wa mafunzo hayo ni 26 tu waliofaulu masomo yote, nchi ilighadhibika, kamati ikaundwa chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, kila mtu akawa na lake la kusema. Mimi sikusikia aliyeuliza ni wangapi katika wale waliosalia walikuwa wakiamka saa nane.

Walakini sheria haina uso wa kukasirikiwa. Wifi yangu anao.

"Wifi, hiyo sheria utaisoma mpaka lini, na mtoto anakonda?" huniuliza mbele ya wageni, huku akimenya karanga zangu. Juzi akaja jioni na bahasha ya kaki: mwenye kiwanja jirani na chake kule Mandewa amesogeza bikoni, naye ataka barua kali ya madai, ya bure, maadam sisi ni ndugu. Nikampokea kwa heshima zote, nikamwambia ada yangu ni kumshika mtoto saa mbili, kipimo kile kile cha Bunge. Akaridhia. Sijamaliza hata kuandika tarehe, shauri likafunguliwa begani mwake. Akampapasa, akamgeuza, akamwimbia, akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. Kisha akaniwekea mwanangu mapajani, akachukua bahasha yake, akasema yule jirani, ukimfikiri vizuri, ni muungwana, watasikilizana wenyewe.