Muulize Mjomba Brashi

*Mjomba, fundi alinipakia chokaa ukuta wa nje wa matofali ya kuchoma mwezi wa nne. Sasa kila nikiegemea, shati linakuwa jeupe. Nimetapeliwa? – Mweupe Mgongoni, Buhongwa*

Mpwa wangu, hujatapeliwa, mmeharakishana tu. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe polepole, kazi ya siku nyingi, na masika ya Mwanza hayana subira hiyo. Ngoja Juni, mvua ikishakatika. Sugua ukuta kwa brashi ya waya, lowesha matofali mpaka yashibe maji, koroga chokaa iwe nyepesi kama maziwa, kisha pitisha mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji machafu na mkeo atacheka. Usiongeze kitu, weupe huja ukikauka. Jua kali nalo huikausha kabla haijashika, kwa hiyo fuata kivuli: asubuhi ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Na uvae miwani, chokaa huunguza macho.

*Mjomba, nyumba yangu iko mlimani. Nataka iwake, ionekane mpaka ziwani, lakini chini ya ukuta chokaa inabanduka kila mwaka. – Mama wa Igogo*

Mama, shikamoo. Maji ya mvua yanateremka juu ya mwamba, yanakuja kulala kwenye msingi wako. Chimba mtaro nyuma ya nyumba kwanza. Mawe yetu haya ya Mwanza, hata uyachome mwaka mzima, hayatoi chokaa. Inatoka kwenye mikoa yenye mawe yake, kama Tanga. Safari yote hiyo, halafu uioshe na maji ya mlima?

*Korongo wa soko la samaki la Mwaloni wanalipaka bati langu bure. Niwaache? – Mbana Matumizi, Kirumba*

Hapana. Korongo hujinyea miguu ili apoe, ndiyo maana ni myeupe. Fundi anayejipaka mwenyewe hafai, na kinyesi hula bati. Lioshe.

*Nyumba yangu imechorwa X nyekundu ya kubomolewa. Chokaa itaifunika? – Mwenye Haraka, Mabatini*

Kwa wiki chache. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na aliyeichora anayo namba ya nyumba yako kwenye daftari. Chukua karatasi za kiwanja, nenda ofisi ya ardhi leo. Brashi iache nyumbani.