Kupaki Basi la Viti Kumi na Sita

Hongera, kocha. Umekabidhiwa timu ya wanawake kwenye AFLW, ligi ya mpira wa Australia iliyoanza 2017 na klabu nane na leo ina kumi na nane, na Jumamosi una mechi. Wachezaji utawajua majina baadaye. Anza na ubao.

Kwa aliyezoea goli la nyavu, maelezo mafupi. Uwanja ni wa duara lililorefuka, unaweza kufika mita 185 kutoka goli hadi goli, na hakuna kuotea. Kila upande una nguzo nne: ukipiga ukapitisha kati ya zile mbili ndefu za katikati unapata pointi 6, ukikosa ukapita pembeni yake unapewa 1, yaani hata kukosa kuna posho. Mpira unapigwa kwa mguu, au kwa ngumi ukiwa umeushikilia kwa mkono wa pili. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu ukasafiri mita 15 anaachiwa nafasi apige bila bughudha. Wanaume huingia 18 kila upande. Wanawake huingia 16, kwenye viwanja vilevile. Waliopanga hivyo waliamini kwamba watu wachache mahali pakubwa watapata nafasi ya kukimbia. Kazi yako ya kwanza ni kuwatoa kwenye imani hiyo.

Mchukue mshambuliaji wako mmoja, mrudishe nyuma ya mpira akasimame peke yake kama mlinzi wa ziada. Usimweleze sababu. Kocha wa upande wa pili, kwa kuwa naye ana ubao, atamrudisha wa kwake. Hapo wewe unaongeza wa pili, naye anaongeza wa pili, na mawinga wa pande zote mbili, wakiona kwao kumekuwa kupweke, wanafuata wenzao. Robo ya kwanza haijaisha utakuwa na watu karibu thelathini wamebanana kuzunguka mpira mmoja kama abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, na nyuma yao uwanja mtupu ambao ungetosha kulima. Hicho ndicho kinachoitwa mfumo. Kwenye mikutano ukitaje kwa sauti nzito.

Sasa sogea karibu uone mfumo ukifanya kazi. Mwamuzi anarusha mpira juu. Warefu wawili wanaruka, goti la mmoja kwenye ubavu wa mwenzake, na mmoja anaufikia kwa ncha za vidole. Anaushusha kwa kiungo wake mfupi, ambaye wiki nzima amefanyishwa mazoezi ya kusimama hatua mbili kushoto, na kweli yupo hatua mbili kushoto. Tatizo ni kwamba wapo na wengine sita hatua mbili kushoto. Kiungo anainama, anaushika, anakumbatiwa kiunoni na wawili, wa tatu anaanguka juu yao, mpira unapotelea chini ya matumbo. Filimbi. Watu wanajikwanyua mmoja mmoja, mmoja anatafuta kifaa chake cha meno kwenye nyasi. Mwamuzi anarusha mpira juu.

Kuna kanuni inayoupenda sana mfumo wako. Mchezaji aliyekuwa na nafasi ya kuutoa mpira, akakabwa sawasawa kabla hajautoa, anapigiwa filimbi na mpira unakwenda kwa aliyemkaba. Mashabiki wa Australia wanaijua kanuni hii kuliko wimbo wa taifa, na uwanja mzima huidai kwa neno moja, “Booool!”, kwa kulivuta kama mnadani. Kocha mwenye akili anaona mara moja kwamba kuokota mpira ni kujitafutia balaa. Wafundishe wako kuchelewa nusu hatua. Mwache mpinzani aokote, awe ndiye mwenye bidii, ndipo umrukie. Timu mbili zenye akili zikikutana mpira unaweza kulala pale chini kwa muda, kila mmoja akimkaribisha mwenzake.

Mkiupata kwa bahati mbaya, butueni. Butua mbele, na butua kando ya mstari, kwa sababu katikati ya uwanja kuna nafasi, na mahali penye nafasi mtu anaweza kukunyang'anya akakimbia. Angalia tu usibutue mpaka nje: kati ya matao mawili yaliyochorwa mita 50 kutoka kila goli, aliyeupiga kwa mguu au ngumi ukatoka bila kuguswa na mwingine anawapa wapinzani mpira. Kanuni hii iliwekwa ili mchezo utembee, na inaumiza sana watu wa aina yetu. Dawa yake ni kubutua uangukie mita tatu ndani ya mstari, pale ambapo umekwisha wakusanya ishirini wakisubiri. Na ukibanwa langoni kwako, upitishe mwenyewe nguzoni, wapewe ile pointi 1. Ni nafuu kuliko 6. Mwamuzi anataka uwe umebanwa kweli, kwa hiyo mazoezi ya Alhamisi yawe ya uso: kuonekana umebanwa.

Ligi yenyewe itakuletea chokochoko. Mwaka 2018, baada ya mechi ya ufunguzi kati ya Carlton na Collingwood kuwachosha watazamaji, wakubwa wa AFL, wanaoendesha ligi, waliwaandikia makocha waraka: acheni kurundika watu nyuma ya mpira. Makocha walinung'unika, na ninawaelewa; mtu amesomea kuziba nafasi, leo anaambiwa aziache wazi kwa sababu kuna watu nyumbani wanatazama. Halafu ikawekwa kanuni kwamba mpira ukianzishwa katikati, kila timu iwe na watano nyuma, sita kati, watano mbele. Usife moyo. Kanuni inahusu pale mpira unapoanzishwa tu. Yule wa tano wa mbele aanze mbele, kama kanuni inavyotaka, macho kwa mwamuzi, na mpira ukishakuwa hewani aje zake nyuma mbio. Kwa dakika nzima mashabiki watadhani unashambulia.

Jihadhari na usajili. Kuna wachezaji waliofika kwenye ligi kwa njia ya mbali, na hao wanaona uwanja mtupu wakadhani ni mahali pa kwenda. Erin Phillips alitoka kwenye mpira wa kikapu, hadi ligi ya wanawake ya Marekani. Fainali ya 2019 pale Adelaide Oval, mbele ya watu 53,034, alicheza vizuri kiasi kwamba goti lilimtoa robo ya tatu na bado akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Adelaide waliishinda Carlton 63 kwa 18. Pointi sitini na tatu! Timu moja! Cora Staunton alitoka Ireland na mpira wao wa huko, naye akaja kupiga mipira nguzoni bila kuomba ruhusa. Akec Makur Chuot alizaliwa Sudan, akaishi kambi ya Kakuma hapo Turkana kabla familia haijahamia Perth, na mwaka 2017 alikuwa na Fremantle, baadaye Richmond na Hawthorn. Mtu aliyevuka yote hayo utamwambia nini kuhusu kusimama hatua mbili kushoto?

Halafu kuna Tayla Harris. Machi 2019 alipiga kiki moja mguu ukiwa umenyooka hewani, mpiga picha akainasa, wenye midomo michafu wakaitukana picha, na kufika Septemba mwaka huohuo ile kiki ilikuwa imesimamishwa sanamu Federation Square, Melbourne. Hakuna kocha aliyewahi kujengewa sanamu ya mlinzi wa ziada. Mazoezini, mwenye kunyoosha mguu namna hiyo akimbie mizunguko kumi.

Mechi ya kuwaonyesha darasani ni fainali ya Novemba 2022 huko Springfield: Melbourne 19, Brisbane 15. Magoli mawili mawili, basi. Nakiri ilikuwa mechi ya kukata roho, kila mkabo ulistahili kulipiwa kiingilio, na waliokuwepo hawakukaa chini robo ya mwisho. Wewe usitazame hayo. Tazama matokeo, uyabandike kwenye ubao.

Sehemu inayobaki ni ya baada ya mechi, na ndiyo makocha wengi huivuruga. Mwandishi atasimama aulize kwa nini magoli ni haba. Usitaje ubao. Usitaje mlinzi wa ziada, wala yule wa tano anayekuja mbio. Usikumbushe kwamba msimu wa kwanza wachezaji wengi walilipwa dola za Australia 8,500, na kwamba walikuwa wauguzi, walimu na mafundi mchana, wachezaji jioni. Inamisha kichwa kidogo, tabasamu kama mzazi, useme wasichana wanajituma ila stadi za msingi bado. Wataandika hivyohivyo, na kwenye redio watabishana wiki nzima kama wanawake wanauweza mchezo huu.

Kisha ingia chumba cha kubadilishia nguo uwaambie mazoezi ni Jumanne saa kumi na mbili na nusu, wakitoka kazini, na kwamba wiki hii mnaongeza mlinzi wa tatu.