Stika Ina Nguvu

Mwanachuo wetu wa kompyuta kaingia Kariakoo na pesa za mkopo, katoka na laptopu yenye stika inayong'aa. "Hii Core i7, mdogo wangu, mashine ya kazi!" Muuzaji hakudanganya. Ni i7 kweli, ya mwaka 2012, kori mbili, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Ukiiwasha, una muda wa kwenda kununua vocha. Pembeni yake ilikaa ThinkPad iliyochubuka, i5 ya kizazi cha nane, kori nne, RAM GB 16, SSD. Akaidharau: eti ya wahasibu. Sasa Python anajifunzia kwenye simu. Laptopu, tusiionee, inaonyesha sinema vizuri tu.