Taa za Saa Moja

Saa saba usiku mzee jirani aligonga mlango wangu akiwa na koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Mkononi alibeba kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Nyuma yake walisimama watu sita, na mama mmoja alishaanza kupangusa machozi.

"Chamgei," akanisalimia kwa sauti ya chini, akanishika bega. "Pole sana. Ni nani?"

Nikageuka kuhesabu watu wangu. Mke wangu yupo. Mama yangu yupo, amejifunika blanketi gubigubi kwa sababu ya mwanga. Hakuna aliyekufa. Ila nyumba yetu, huku milimani Litein, ilikuwa inawaka taa sebuleni, jikoni, zizini, mpaka chooni. Kwetu boma likiwaka hivyo usiku wa manane watu hawapigi simu kuuliza. Wanakuja na sukari.

Kosa lilikuwa la saa. Kijana wangu anayefanya kazi Doha alikuja likizo na balbu kumi za kuamrishwa kwa simu, akazifunga, akaziunganisha na intaneti, akarudi kazini. Ratiba nikajipangia mwenyewe, maana nami nimesoma. Taa ziwake saa moja, wakati wa taarifa ya habari, zizimike saa tatu tulale. Nikaandika 1:00 na 3:00. Mtu yeyote aliyelelewa hapa angenielewa. Balbu hazikulelewa hapa. Kwao 1:00 ni saa saba usiku, nazo zikatii. Eti zina akili. Mbwa wangu hana intaneti na usiku anaujua.

Msomaji atauliza kwa nini sikuzima swichi ukutani. Swichi nilikuwa nimezibandika utepe zote, kwa agizo la kijana: umeme ukikatwa ukutani, balbu hupoteza mtandao na simu haizipati tena. Kwa hiyo tukakaa. Mgeni aliyekuja na sukari harudishwi mlangoni, hata kama msiba haupo, basi mke wangu akabandika chai. Ilipotimu saa tisa taa zote zikazimika kwa mpigo mmoja, na yule mama wa machozi, aliyekuwa ndiyo kwanza ametulia, akapiga yowe lililoamsha waliobaki kijijini.

Kwa haki ya balbu, niseme kwamba hazikula umeme mwingi. Kila moja ni wati 9. Kumi kwa saa mbili hazifiki hata robo ya yuniti. Kilichokula umeme ni birika, likichemsha chai ya matanga yasiyokuwepo.

Umeme wenyewe nao una hadithi yake ya saa. Mita hizi za tokeni zilikuwa zikihesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Duniani kote ilibidi ziwekwe upya kabla ya siku hiyo. Hapa Kenya tuliponunua tokeni tulipokea mafungu matatu ya namba, kila fungu tarakimu 20, tuyabonyeze kwa mpangilio. Tarakimu 60! Nilikuwa nimezikariri nusu, kumbe kile kidude cha kubonyezea hakina betri. Betri nilizihamishia kwenye rimoti mwezi uliopita, siku ya mpira. Ndugu yangu wa upande wa Bomet alinicheka sana. Yeye ana sola ya kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, biashara ambayo M-KOPA waliianza mwaka 2012: ndani ya sanduku mna laini ya simu, ukichelewa kulipa taa zinazimwa kwa mbali. Alicheka mpaka giza likamkuta.

Lakini kilichonimaliza ni mizani.

Zamani mizani ya kituo cha chai ilikuwa na mshale. Mshale ulitikisika, karani akakadiria, akaandika kitabuni, na sisi wakulima wadogo tukalalamika, kama tunavyolalamika tangu 1964 lilipoundwa shirika la chai ambalo leo ni KTDA. Sasa mizani ni ya kielektroniki. Gunia likining'inizwa, kilo zinaandikwa zenyewe na ujumbe unaingia kwenye simu ya mkulima. Nilishangilia kuliko wote. Nilichosahau ni kwamba namba niliyoandikisha ni ya laini ya zamani, na laini ya zamani nilimpa mke wangu.

Alasiri moja mvua ikinyesha, kama kawaida yake, wachumaji walileta majani. Mke wangu huwalipa kwa kilo, kwa hiyo huandika kila kitu daftarini: 52. Nikapakia kwenye bodaboda. Njiani nikakutana na broka mwenye pesa taslimu, na kilo 14 zikateremka. Jioni nikarudi nanukia nyama choma.

"Mzee, zilikuwa ngapi?"

"Hamsini na mbili, kama ulivyoandika."

Akaweka simu mezani. Thelathini na nane.

Nikasema majani yalikuwa na maji, yamekauka njiani. Mama yangu, aliyechuma chai mimi nikiwa mgongoni mwake, akainua kichwa kutoka kwenye maziwa yake ya mursik. "Kwa mvua hii?"

Siwezi kudai vifaa vyote vinachekesha. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho, na mtu aliyepoteza kibarua kwa sababu ya mashine usimpelekee kisa cha balbu. Mimi mashine haikuninyang'anya kazi. Ilininyang'anya kilo 14.

Simu ya taa sasa anaishika mke wangu. Ameandika 19:00 na 21:00, na swichi amezibandua utepe. Jana daftari lilisema 47, na mizani ikasema 47. Sukari ya jirani bado hatujarudisha.